Akiwa Hai Mmaori, Akifa Mzungu: Historia ya Kisanduku Kimoja Kwenye Fomu

Waliozoea kuja hapa kusoma mambo ya seva na hifadhidata wanisamehe, maana leo nataka tuzungumze historia. Lakini msiondoke bado. Historia yenyewe inaihusu kazi yetu sisi tunaoandika programu. Inahusu kisanduku kimoja kwenye fomu, kile kinachouliza mtu ni wa jamii gani, na jinsi kilivyoficha ukweli kuhusu vifo vya watu kwa takriban miaka 20.

Nchi ninayoizungumzia ni Nyuzilandi, na watu wenyewe ni Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa vile. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi tajiri yenye rekodi nadhifu, kwa hiyo hatuwezi kusingizia ukosefu wa kompyuta wala umeme. Pili, kosa lenyewe liligunduliwa na kusahihishwa kwa mbinu ambazo yeyote anayeandika programu anaweza kuzielewa. Mimi mwenyewe nimeandika fomu za kusajili wagonjwa kwa zahanati kadhaa, na kila mara mjadala mrefu mkutanoni huwa ni rangi ya vitufe. Visanduku vyenyewe hakuna anayevijadili. Baada ya kusoma habari hii, huenda nawe utavitazama kwa jicho jingine.

Kuhesabiwa na wengine

Mwaka 1840 machifu wa Wamaori na wawakilishi wa Uingereza walitia sahihi Mkataba wa Waitangi. Miaka 18 baadaye, mwaka 1858, ofisa wa serikali aitwaye Francis Dart Fenton alisimamia hesabu ya kwanza ya Wamaori wote. Alipata takriban watu 56,000. Kwa kutazama idadi ya watoto na ya wanawake, Fenton alihitimisha kwamba watu hawa walikuwa wanaelekea kutoweka. Sensa ya 1896 ilipata takriban 42,000 tu, na Wazungu wengi wakaona utabiri unatimia.

Hawakutoweka. Katika sensa ya 2023 waliojitaja kuwa Wamaori walikuwa 887,493, yaani asilimia 17.8 ya watu wote wa nchi. Ila wazo kwamba Wamaori wanakwisha wenyewe lilikuwa na madhara yake. Ukiamini kwamba watu fulani watatoweka hata ufanyeje, huoni haja ya kuwajengea zahanati wala ya kuandika kwa makini wanakufa kwa nini.

Mabadiliko yalianza walipoingia madaktari wa Kimaori wenyewe. Māui Pōmare, aliyesomea udaktari Marekani, aliteuliwa mwaka 1901 kuwa ofisa wa afya kwa ajili ya Wamaori. Mwaka 1905 alijiunga naye Te Rangi Hīroa, anayejulikana pia kama Peter Buck. Walizunguka vijijini wakizungumza na wazee habari za maji safi, vyoo na nyumba zenye hewa, na kila mwaka waliandika ripoti ya walichokiona.

Lakini rekodi bado zilikuwa mbovu. Hebu fikiria: kuandikisha vizazi na vifo vya Wamaori hakukuwa lazima hadi mwaka 1913, na hata hapo waliwekewa daftari lao peke yao, mbali na la Wazungu. Daftari hizo mbili ziliendelea hadi mwaka 1961. Sensa nayo ilikuwa ikifanywa mbalimbali hadi 1951.

Miaka mitano tu baada ya 1913 likaja jaribio kubwa: homa ya mafua ya Novemba 1918. Vijiji vizima vililala kitandani kwa wakati mmoja, wengi wakazikwa bila cheti. Hesabu rasmi ya Wamaori waliokufa ilikuwa pungufu sana. Miongo kadhaa baadaye mwanahistoria Geoffrey Rice alipekua vyeti na kumbukumbu moja moja. Makadirio yanayokubalika leo ni kwamba nchi nzima ilipoteza watu wapatao 9,000, na kati yao 2,500 walikuwa Wamaori. Kwa kulinganisha na idadi yao, Wamaori walikufa kwa kiwango cha takriban mara nane ya Wazungu.

Damu kwa vipande

Sasa tuingie kwenye kisanduku chetu.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, serikali ya Nyuzilandi ilimtambua Mmaori kwa hesabu ya damu. Ukiwa na nusu au zaidi ya damu ya Kimaori, wewe ni Mmaori. Ukipungukiwa, basi. Fomu ya sensa ilikutaka uandike vipande: nusu, robo, robo tatu. Sheria ya mwaka 1974 ilikubali kwamba kila mzawa wa Mmaori anaweza kuitwa Mmaori, lakini sensa iliendelea kuuliza vipande hadi ile ya 1981. Ni mwaka 1986 ndipo sensa iliacha habari za damu na kumwuliza mtu mwenyewe anajihesabu kuwa wa jamii gani, akiruhusiwa kutia alama zaidi ya moja.

Hilo lilikuwa jambo jema. Tatizo ni kwamba walibadilisha fomu moja wakaiacha nyingine.

Fomu ya kuandikisha kifo iliendelea kuuliza kiwango cha damu ya Kimaori hadi Septemba 1995. Na nani aliijaza? Marehemu hawezi kujibu. Mara nyingi aliyejaza alikuwa msimamizi wa mazishi, mtu mwenye mambo mengi siku ile, mbele ya familia inayolia. Wengine waliuliza. Wengine walitazama sura ya marehemu, au jina lake, wakakisia. Wengine waliacha wazi, na pengo lilipoachwa wazi, marehemu alihesabiwa kuwa si Mmaori.

Ukiwa mwandishi wa programu umeshaona hatari. Tuna mifumo miwili inayotumia jina moja la kisanduku, lakini kila mmoja una maana yake ya neno hilo. Mmoja hujazwa na mwenye habari, wa pili hujazwa na mtu baki. Na mfumo wa pili, mtu asipojibu, humwekea jibu bila kumwambia.

Hesabu ya juu na hesabu ya chini

Kiwango cha vifo ni sehemu rahisi: juu unaweka idadi ya waliokufa, chini unaweka idadi ya watu walioko. Namba ya juu inatoka kwa daftari la vifo, ya chini inatoka kwa sensa. Ngoja nitoe mfano wa kubuni ili tuone kinachotokea.

Chukua mji wenye Wamaori 1,000 na watu wengine 10,000. Katika mwaka mmoja wanakufa Wamaori 12 na wengine 70. Kwa kweli, basi, Wamaori wanakufa 12 kwa kila 1,000, na wengine 7 kwa kila 1,000. Pengo ni 5.

Sasa tuseme kati ya wale Wamaori 12, watatu wameandikwa na msimamizi wa mazishi kuwa si Wamaori. Daftari litasema Wamaori waliokufa ni 9, na wengine ni 73. Kiwango cha Wamaori kinakuwa 9, cha wengine kinakuwa 7.3. Pengo limeshuka kutoka 5 hadi 1.7, na hakuna mtu hata mmoja aliyepona. Wale watatu walihesabiwa chini ya mstari wakiwa Wamaori, halafu wakahesabiwa juu ya mstari wakiwa kitu kingine. Waliishi Wamaori, wakafa Wazungu.

Mtu wa kwanza kuziweka takwimu hizi mbele ya umma kwa mapana alikuwa daktari Eru Pōmare, wa ukoo uleule wa Māui. Mwaka 1980 alichapisha uchunguzi wa hali ya afya ya Wamaori kwa miaka 20, kuanzia 1955 hadi 1975. Akafuatisha na toleo jingine mwaka 1988 akiwa na Gail de Boer. Hata kwa rekodi zile zenye mapengo, ilionekana wazi kwamba Wamaori walikuwa wakifa mapema kwa magonjwa mengi yanayoweza kuzuiwa au kutibiwa. Pōmare alifariki mwaka 1995. Kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Otago mjini Wellington kimebeba jina lake.

Mwaka huohuo wa 1995, mwezi wa Septemba, fomu ya kifo ilibadilishwa ifanane na ya sensa. Na mara idadi ya vifo vya Wamaori vilivyoandikwa ikaruka juu. Hakukuwa na tauni. Ni swali lililobadilika. Ndipo likaja swali zito zaidi: je, miaka yote iliyotangulia tumekuwa tukisoma nini?

Kuwaoanisha wafu bila majina

Hapa ndipo kazi inapotufikia sisi watu wa tarakilishi. Njia ya kujua ukweli ilikuwa moja: kumchukua kila aliyekufa, kutafuta fomu yake ya sensa aliyoijaza akiwa hai, na kulinganisha majibu. Mradi huo uliongozwa na Tony Blakely wa Chuo Kikuu cha Otago. Walichukua sensa za 1981, 1986, 1991 na 1996, na kwa kila moja wakatafuta waliokufa katika miaka mitatu iliyofuata. Baadaye waliongeza ya 2001.

Kizuizi: faili za kompyuta za sensa hazikuwa na majina. Kwa hiyo huwezi kusema tu nitafutie fulani bin fulani. Walichokuwa nacho ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia, nchi ya kuzaliwa, jamii, na msimbo wa kitalu kidogo alichokuwa akiishi mtu.

Mbinu waliyotumia ina historia yake. Mwaka 1959 Howard Newcombe na wenzake huko Kanada walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuoanisha rekodi za vizazi na ndoa. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter, nao wa Kanada, waliipa mbinu hiyo msingi wa kihesabu. Wazo ni hili: kila kisanduku kinachofanana ni ushahidi, lakini ushahidi hauna uzito sawa. Watu wawili wakiwa wote wanawake, haimaanishi sana, maana wangeweza kufanana kwa bahati tu, nafasi moja kwa mbili. Wakiwa wamezaliwa siku na mwezi mmoja, hapo bahati ni kama moja kwa 365. Wakiwa pia wa mwaka mmoja na kitalu kimoja chenye kaya chache, umeshakaribia kabisa kuwa na mtu yuleyule. Unajumlisha uzito wa vinavyofanana, unapunguza kwa visivyofanana, halafu unaweka kiwango cha kukubali. Yeyote aliyewahi kuondoa wateja waliojirudia kwenye hifadhidata ya duka anaijua kazi hii, japo hapa marudio yalikuwa maiti na aliye hai.

Waliweza kuoanisha kati ya takriban asilimia 70 na 80 ya vifo, kutegemea sensa. Kwa kazi isiyo na majina, hayo ni mavuno mazuri.

Matokeo yalitolewa Julai 2003 na Wizara ya Afya pamoja na chuo hicho, katika ripoti iliyopewa jina lenye maana ya miongo ya tofauti. Kwa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, ili kuifikia idadi ya kweli, vifo vya Wamaori ilibidi viongezwe kwa kati ya robo na theluthi. Baada ya kusahihisha, picha ikageuka. Katika miaka 20 ile, umri wa kuishi wa watu wasio Wamaori ulizidi kupanda. Wa Wamaori ulisimama karibu palepale. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 pengo lilikuwa limefika karibu miaka 10.

Sasa kumbuka kilichokuwa kikitokea nchini humo wakati huo. Kuanzia 1984 serikali ilifanya mageuzi makubwa ya uchumi. Mashirika ya umma yaliuzwa au kupunguzwa, viwanda vikafungwa, kazi za reli na misitu zikakatwa. Wamaori walikuwa wengi katika kazi hizo, na ndio walioumia zaidi. Huo ndio wakati ambapo nchi ilihitaji kipimo sahihi kuliko wakati mwingine wowote, na kipimo kilikuwa kinasoma chini.

Nambari yenye mlinzi na kisanduku kisicho na mlinzi

Hebu tuingie ndani kidogo ya mfumo. Kila mgonjwa Nyuzilandi ana nambari ya taifa ya afya. Muundo uliotumika kwa miongo mingi ni herufi tatu na tarakimu nne, na tarakimu ya mwisho ni ya kukagulia. Herufi I na O hazitumiki, ili zisichanganywe na 1 na 0. Chukua nambari ZAC5361 (zinazoanza na Z zimetengwa kwa majaribio, kwa hiyo si ya mtu). Kila herufi inapewa namba kwa mpangilio wake, halafu unazidisha hivi:

Z: 24 × 7 = 168
A: 1 × 6 = 6
C: 3 × 5 = 15
5: 5 × 4 = 20
3: 3 × 3 = 9
6: 6 × 2 = 12

Jumla ni 230. Gawanya kwa 11, inabaki 10. Toa 10 kutoka 11, unapata 1, na kweli tarakimu ya mwisho ni 1. Karani akikosea herufi moja, kwa kawaida kompyuta inamkatalia papo hapo.

Nambari ina mlinzi. Kisanduku cha jamii, kilichokuwa kando yake kwenye skrini ileile, hakikuwa naye. Karani angeweza kubofya chaguo la kwanza kwenye orodha, mfumo ukasema asante. Na hakuna hesabu ya kugawanya kwa 11 inayoweza kukagua jibu hilo, kwa sababu mwenye kujua jibu ni mtu mmoja tu, yule aliyesimama mbele ya dirisha.

Kwa hiyo dawa waliyoitafuta ilikuwa kanuni ya kazi. Mwaka 2004 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kukusanya habari za jamii katika sekta yote ya afya. Mfanyakazi haruhusiwi kukisia kwa sura wala kwa jina. Swali liwe lilelile la sensa, kwa maneno yaleyale. Mtu anaweza kutaja jamii zaidi ya moja, na mfumo lazima uzihifadhi. Na kilichonifurahisha zaidi: ukimya umegawanywa. Kuna msimbo 94 kwa asiyejua, 95 kwa aliyekataa kujibu, 97 kwa jibu lisiloeleweka, na 99 kwa ambaye hakuna kilichoandikwa. Ukiona kituo kimejaa 99, unajua wafanyakazi hawaulizi. Ukiona kimejaa 95, unajua wanauliza lakini watu hawawaamini. Matatizo mawili tofauti, na dawa zake tofauti. Katika mifumo mingi niliyoiona mimi, yote hayo yangekuwa nafasi tupu.

Jambo jingine lililotoka katika kituo cha Eru Pōmare mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watafiti kama Bridget Robson na Papaarangi Reid, ni wazo la kuwapa Wamaori uwezo sawa wa kueleweka kitakwimu. Ukichagua watu 1,000 kwa bahati nasibu, Wamaori watakuwa kama 150. Ukiwagawa kwa umri na jinsia, kila fungu linabaki na watu wachache mno hata usiweze kusema lolote. Utafiti unaitwa wa taifa zima, lakini unajibu maswali ya walio wengi peke yao. Wao wakasema: chukua Wamaori wengi sawa na wasio Wamaori, ili pande zote mbili zipate majibu.

Faida yake si ya vitabuni. Mpango wa taifa wa kupima saratani ya utumbo ulianza mwaka 2017 kwa watu wa miaka 60 hadi 74. Kwa wastani wa nchi, 60 ilionekana sawa. Lakini zaidi ya nusu ya saratani hiyo kwa Wamaori hutokea kabla ya miaka 60, ilhali kwa wengine ni chini ya theluthi. Namba moja kwenye msimbo, na nusu ya wagonjwa wa jamii moja wako nje ya mlango. Wataalamu walipigania Wamaori waanze mapema, wakiwa na miaka 50. Machi 2025 serikali ilitangaza kushusha umri hadi 58 kwa wote.

Data ni ya nani?

Hadi hapo habari ni ya kuhesabiwa sawasawa. Lakini Wamaori waliuliza zaidi: hata ikiwa sahihi, nani anaishika? Mwaka 2015 kulianzishwa Te Mana Raraunga, mtandao wa Wamaori wa kutetea mamlaka yao juu ya data zao. Mwaka 2016 Tahu Kukutai na John Taylor walihariri kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu mamlaka ya wenyeji wa asili juu ya data, na mwaka 2019 muungano wa kimataifa ulitoa kanuni nne: manufaa kwa jamii nzima, mamlaka ya kuamua, uwajibikaji na maadili. Kanada walikuwa wametangulia mwaka 1998 na kanuni za mataifa yao ya kwanza kuhusu kumiliki, kusimamia, kufikia na kushika data.

Matukio mawili yanaonyesha kwa nini.

La kwanza ni sensa ya 2018. Waliamua watu wajaze kwa intaneti kwanza, na karatasi zikapunguzwa. Fomu za watu binafsi zilirudishwa na asilimia 83.3 ya wananchi, lakini kwa Wamaori ni 68.2 tu. Mapengo yalizibwa kwa rekodi za ofisi nyingine za serikali. Takwimu za koo na makabila ya Wamaori zilikuwa dhaifu mno hata hazikutolewa kama takwimu rasmi. Mkuu wa takwimu, Liz MacPherson, alijiuzulu Agosti 2019. Na Juni 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2030 sensa ya kawaida itaachwa, na hesabu zitatoka hasa kwenye rekodi za ofisi. Yaani zitatoka kwenye visanduku tunavyovizungumzia hapa.

La pili ni chanjo ya korona, mwaka 2021. Foleni ilipangwa kwa umri. Wamaori ni jamii changa kwa umri, kwa hiyo wengi walisubiri nyuma, na baraza la mawaziri lilikataa ushauri wa kuwashushia umri. Shirika la Whānau Ora la Kimaori, lililokuwa na magari na wahudumu wa kwenda nyumba kwa nyumba, liliiomba wizara orodha ya Wamaori wa Kisiwa cha Kaskazini ambao hawajachanjwa. Wizara ilisita, ikataja siri za watu na pia haki za makabila juu ya data. Shirika likaenda Mahakama Kuu. Tarehe 1 Novemba mahakama iliiamuru wizara ifikirie upya, ikizingatia Mkataba wa Waitangi, na tarehe 6 Desemba ikairudia amri baada ya wizara kukataa sehemu ya ombi. Hebu ona: karne nzima baada ya daftari la 1913, watu walilazimika kwenda kortini ili kujua ndugu zao gani wabishiwe hodi. Mwezi huohuo Baraza la Waitangi, linalosikiliza malalamiko ya kuvunjwa mkataba, lilisema mpango ule wa umri ulikiuka mkataba.

Pengo la miaka ya kuishi limepungua, ingawa halijakwisha. Kwa miaka ya 2017 hadi 2019, wanaume wa Kimaori walitarajiwa kuishi miaka 73.4 na wengine 80.9; wanawake 77.1 na wengine 84.4. Mamlaka ya Afya ya Wamaori iliyoanzishwa Julai 2022 ilivunjwa na serikali mpya kabla haijafikisha miaka miwili. Vita vyenyewe vinaendelea.

Na sisi huku?

Najua kuna msomaji anayesema: ndugu, Kenya ukimwuliza mtu kabila lake kwenye dirisha la zahanati unatafuta ugomvi. Ni kweli. Tunakumbuka 2007 na 2008. Tunakumbuka pia Rwanda mwaka 1994, ambako neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kumwua mtu. Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 imeweka asili ya kikabila katika fungu la habari nyeti, na imefanya vyema.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Tangu 2011 ripoti za vituo vya afya nchini huingia kwenye mfumo mmoja wa taifa, zikijumlishwa kwa kituo na kwa kaunti. Mtoto wa Kiogiek wa msitu wa Mau anayekufa kwa nimonia anaingia kwenye jumla ya Narok au Nakuru, na hapo ndipo anapoishia. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema tarehe 26 Mei 2017 kwamba Waogiek ni wenyeji wa asili na haki zao zimevunjwa. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Sasa, mtu akitaka kujua kama watoto wao wanakufa zaidi ya wa jirani, atatazama wapi? Sensa ya 2009 ilihesabu Waogiek 78,691. Ya 2019 ilihesabu 52,596. Ukikuta tofauti kubwa namna hiyo kwa miaka 10, kabla ya kuchora grafu uliza kwanza: nani aliuliza, na jibu liliandikwaje?

Sisemi kila zahanati iongeze kisanduku cha kabila kesho asubuhi. Jamii husika ndiyo iamue kama inataka kuhesabiwa, na nani atashika funguo. Ila wewe uliyepewa kazi ya kuandika fomu, haya manne unaweza kuyafanya leo:

1. Andika kwenye hifadhidata nani alijibu: mwenyewe, jamaa au mfanyakazi.
2. Usiweke jibu la kuanzia. Kisanduku kisichojazwa kisigeuke kuwa jibu.
3. Tofautisha hajaulizwa, hajui na amekataa.
4. Ukibadilisha swali mahali pamoja, libadilishe kila mahali, na uandike tarehe ya mabadiliko.

Hilo la nne lingewaokolea Nyuzilandi miaka tisa, kutoka 1986 hadi 1995. Mwenye maoni aandike hapo chini, hasa nyinyi mnaofanya kazi na mifumo ya hospitali za kaunti. Nitajibu nikipata nafasi.